Rangi ya Wale Nyoka Wawili

Baba alinipigia simu Ijumaa, nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu hapa Bariadi, akaniambia mayai yameanguliwa. Mayai yenyewe alikuwa ameyakuta kwenye rundo la mabua ya pamba nyuma ya nyumba, kijijini kwetu Shishiyu. Akayafukia kwenye mchanga ndani ya ndoo, akayalinda kama mali. Yalikuwa kumi na moja na yote yametoa watoto.

"Wawili siwaelewi rangi yao," alisema. "Si wewe ndiye mwalimu wa bayolojia? Njoo uniambie."

Baba ni mtu wa Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, na ameshika nyoka tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nyoka hawakunitisha. Kilichonitisha ni macho yake. Mwaka mzima nilikuwa naona wingu jeupe likitanda kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto, na kila nilipotaja hospitali alinijibu kwamba anaona vizuri kuliko mimi ninayevaa miwani. Mzee mbishi huyo, mvua ikimlowesha atakwambia ni umande. Lakini mtu anayeshika nyoka kwa mikono mitupu hukosea mara moja tu, na mimi baba ninaye mmoja.

Kesho yake nilimkuta uani, ndoo iko kati ya miguu yake. Tukaamkiana "mwangaluka", nikainama kuangalia. Tisa walikuwa wa kahawia, wembamba kama penseli. Wawili walikuwa wamepauka, weupe uliochafuka, kama maji yaliyosuuziwa kibuyu cha maziwa. Nilisahau hata kumsalimia mama mdogo. Miaka yote nafundisha urithi kwa mahindi na mbaazi za kwenye kitabu, na sasa urithi wenyewe ulikuwa unajinyonganyonga ndani ya ndoo.

"Wa kama ng'ombe gani?" baba akauliza.

Nyumbani kwetu rangi husemwa kwa ng'ombe. Nilipokuwa mdogo gauni langu la sikukuu lilikuwa la rangi ya mtamba aliyetoka Lingeka kwa mahari ya shangazi, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Nikamwambia wale tisa ni kama dume letu la plau, lile lililokufa kwa ndigana. Wale wawili bado sijui. Nikaropoka kwamba labda wana ualbino.

Baba akakunja uso. Aliniambia neno hilo nisilitaje pale uani kama sina hakika, maana likishatoka nje ya boma, jioni hiyohiyo watakuja watu wenye mawazo mabaya kuulizia nyoka mweupe. Kisha akauliza macho yao ni mekundu au meusi. Nikaona aibu, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo mimi ningemuuliza mwanafunzi. Yalikuwa meusi tititi. Basi si ualbino, akasema, na akatia mkono ndooni kumtoa mmoja. Nilimshika kifundo cha mkono.

Hofu yangu ilikuwa hii: ni nani aliyesema mayai yote kumi na moja ni ya mama mmoja? Rundo la mabua ni la kila mwenye shida. Wale tisa nilikuwa na hakika nao, ni nyoka wa nyumba, mla panya asiye na sumu. Lakini hawa waliopauka wangeweza kuwa hata swila, na mtoto wa swila huzaliwa na sumu yake. Nikawapiga picha, nikazituma kwenye kundi la simu la wapenda nyoka. Mmoja alisema niwaue haraka. Mwingine alinipongeza kwa ualbino. Wa tatu peke yake ndiye aliyeongea la maana: subiri wajivue gamba la kwanza, kabla ya hapo rangi inadanganya. Nikamwapisha baba asiwaguse, nikarudi kazini na roho juu.

Jumamosi iliyofuata walikuwa wamekwisha kujivua. Nilitumia tochi ya simu na miwani yangu. Mboni zilisimama wima kama za paka, wakati za swila ni za duara. Na kichwani, hafifu lakini ipo, ile mistari miwili inayopita juu ya jicho, sawasawa na ndugu zao. Mama mmoja, tumbo moja, rangi nyeusi tu ndiyo iliyopungua. Nilicheka kwa furaha, nikampa baba taarifa yote kama naripoti kwa mkaguzi.

Akatia mkono, akatoa mmoja, akamzungusha vidoleni kwa upole. "Kumbe huyu mweupe wangu ni wa nyumbani," akasema.

Alikuwa ameshika wa kahawia.

Hasira ilinipanda, na chini yake huzuni. Nikamwambia ukweli. Akamrudisha yule nyoka taratibu, akapapasa ukingo wa ndoo mpaka akaupata.

"Naona mwanga na giza, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Mengine nakisia. Wenzangu wakijua, ngomani sishiki tena nyoka."

Kwa hiyo wiki nzima ile alikuwa hanipimi ualimu wangu. Alikuwa anaomba macho. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nikamwambia tu kwamba lile wingu ni mtoto wa jicho, linatolewa, na mjini yupo daktari wa macho. Akasema amesikia, kwa sauti ile ya mtu anayefukuza inzi.

Halafu akauliza tena, wale weupe sasa wamejivua, wamekuwa wa kama ng'ombe gani?

Nilimtazama mmoja wao juani. Palikuwa na uwaridi, palikuwa na dhahabu kidogo, na mng'ao uliohama kila alipojikunja. Nikapita boma zima kichwani, letu na la majirani, ndama kwa ndama.

"Hakuna, baba. Sijawahi kuona ng'ombe wa rangi hii."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Hata nikikueleza mpaka kesho hutaijua."

Alishika mdomo wa ndoo kwa mikono yote miwili, akainamisha uso mpaka karibu kabisa na wale nyoka, akabaki hivyo.

"Huyo daktari wako," akasema, "yupo siku gani?"