Kumsomea Baba Mkwe Habari za Maji

Sikuwahi kumwambia baba mkwe wangu neno lolote la waziwazi kuhusu mikaratusi yake mpaka siku niliyomwambia yote kwa mkupuo mbele ya wageni. Kabla ya hapo nilimwambia kupitia magazeti. Nilimwambia kupitia redio, kupitia mchezo wa kuigiza wa runinga, hata kupitia mpira wa miguu. Anayetaka kunicheka, kwanza aolewe Nyamira kwenye mteremko wa majani chai, achote maji ya boma zima kwa shingo yake, halafu ndipo acheke.

Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke na baba wa mume wake hawashikani mikono. Hawakai wakitazamana usoni. Chumba chake sikikanyagi na changu hakikanyagi. Naweza kumpikia, naweza kumpeleka hospitalini na kumpigania kwenye foleni ya dawa, lakini siwezi kumwambia kwamba amekosea. Wa kumwambia ni mwanawe. Na mwanawe, ambaye ndiye mume wangu, huuza vipuri vya magari mjini Kisii, huja nyumbani mwisho wa wiki, na nikimgusia jambo hili hunijibu, "Huyo ni mzee, mwache." Ni rahisi kumwacha mzee ukiwa Kisii na maji yanakufikia kwa mfereji.

Chemchemi yetu iko bondeni, chini kabisa ya shamba la mzee. Nilipoolewa, maji yalikuwa yakitoka kwenye bomba la chuma yakiwa manene kama mkono wa mtoto, na mtungi wako ulijaa kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Kuizunguka chemchemi hiyo kuna mikaratusi ya baba mkwe, mirefu, imenyooka, inang'aa. Kadiri ilivyonenepa ndivyo maji yalivyokonda. Siku hizi unatega mtungi, unaenda kupalilia mboga, unarudi, unaukuta haujafika nusu. Kwa hiyo nikitaja mazingira, sizungumzii semina za hotelini ambako watu hupewa chupa za maji na kofia. Nazungumzia shingo yangu.

Mambo ya kumsomea yalianza macho yake yalipoingia ukungu. Baba mkwe ni mzee wa kanisa letu la Sabato, na maisha yake yote alisoma magazeti kwa sababu moja tu, kutafuta ishara za mwisho wa dunia. Alipoona herufi zimemkimbia, aliagiza kwamba mimi, niliyemaliza kidato cha nne na nina sauti ya kusikika hadi Keroka, niwe namsomea. Yeye alikaa ndani kwenye kiti chake. Mimi nilikaa kizingitini, nimeegemea mwimo wa mlango, uso nimeuelekeza uani. Hivyo tuliweza kuongea kutwa bila kuonana.

Nikaona Mungu amenifungulia njia. Siwezi kumkosoa, lakini gazeti likimkosoa, kosa langu liko wapi?

Nikaanza na habari ya ng'ombe waliokufa kwa ukame, kaunti ya mbali huko. Niliisoma polepole. Nilipofika mahali mtaalamu alipoeleza kuhusu miti inayonyonya vyanzo vya maji, nilipunguza mwendo zaidi, mpaka kuku wa uani wangeweza kuelewa. Kisha nikanyamaza, nikasubiri. Halafu nikamsikia akishusha pumzi.

"Yote hayo yaliandikwa," akasema. "Nyakati zimefika. Fungua ukurasa mwingine."

Ikawa hivyo kila mara. Mafuriko yamebeba basi, ishara. Nzige, ishara. Kilima kimeporomoka juu ya nyumba za watu, nami nikasogeza neno langu kwa adabu: "Wanasema, tata, kilima hicho walikata miti ya asili wakapanda ya kuuza." Tata ni baba, ndivyo ninavyomwita. Naye akasema, "Soma za vita."

Nilikasirika hadi nikawa mtu wa ajabu. Nilianza kuona chemchemi yetu katika kila kitu. Mama mkwe ana runinga, na kuna mchezo wa kuigiza tuliokuwa tukiufuatilia, wa familia tajiri na mama wa kambo mwenye roho mbaya. Katika sehemu moja nikaona kwamba ile chemchemi ya mapambo iliyokuwa ikirusha maji mbele ya jumba lao imekauka, na hakuna hata mmoja katika jumba lile anayeitazama. Wote wanapigania urithi. Niliruka kitini. Kesho yake nilimsimulia mzee mchezo mzima ili nifike pale tu. Alisikiliza, kisha akauliza yule mama wa kambo amefungwa au bado. Mume wangu alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, akasema labda waigizaji walikosa hela ya kulipia maji siku hiyo. "Wewe sasa hata tangazo la sabuni utaliona ni unabii," akaniambia.

Na kweli. Nilikuwa siwezi kutazama tangazo la sabuni bila kujiuliza yule mama anayecheka na mapovu amechota wapi maji ya beseni zote zile. Kulikuwa na wimbo uliokuwa ukipigwa na kila bodaboda wa Keroka, kijana anamwambia msichana kwamba yeye ndiye mvua yake. Mbona mvua? Wazee wetu walipokuwa wakibembeleza wasichana walitaja mvua lini? Mtu hamwiti mpenzi wake kitu ambacho kimejaa tele. Nilimweleza muuza ndizi mmoja jambo hili stendi, akanitazama kwa huruma, akaniongezea ndizi.

Hata mpira nilijaribu. Mechi ilikatizwa kwa sababu uwanja ulijaa maji, nami nikamweleza mzee kwa kirefu jinsi ardhi iliyochoka inavyoshindwa kunywa mvua, ikaimwaga tu juujuu, kisha kiangazi kikija haina cha kutoa. Nilijisifu moyoni kwa maelezo yale. Yeye akauliza, "Nani alikuwa anaongoza?"

Ndipo ikatoka habari ambayo haikuhitaji fumbo. Gazeti liliandika wazi, redio yetu ya Kigusii ikasema wazi, chifu naye akarudia barazani: mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ing'olewe, ipandwe miti rafiki wa maji. Nilikimbia na gazeti lile kama mwenye mgeni. Nilimsomea mara mbili.

"Wanaanza na miti," baba mkwe akasema taratibu. "Wakimaliza miti watatuambia dunia imechoka, inahitaji kupumzishwa siku moja kila wiki. Na siku watakayoichagua unaijua."

Niliijua. Kanisani kwetu hofu hiyo ni ya zamani: kwamba siku moja watu wote watalazimishwa kuiheshimu Jumapili, na kwamba amri hiyo itakuja imevaa nguo nzuri. Wapo kwetu wanaosema kwamba nguo hiyo ni mazingira. Mimi ni Msabato, nimezaliwa humo na nitazikwa humo, na siku ile nilitamani kulirarua gazeti kwa meno.

Majirani nao wakaamka. Walitaka angalau tuisafishe chemchemi, tuondoe tope, tupande mianzi kidogo. Wakatoliki wakapendekeza Jumamosi. Hapana, sisi tuko kanisani. Sisi tukapendekeza Jumapili alasiri, baada ya misa yao, nao wakakubali bila shida. Habari zikamfikia baba mkwe. "Mazingira, Jumapili, vijiji vyote pamoja," akasema, akitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa ushahidi mkononi. "Mnaona imeanza?" Wazee wenzake wakasita, na wake zao wakasita pia. Siku za katikati ya wiki watu wako kwenye majani chai, na kituo cha kupimia majani hakimsubiri mtu. Wiki nzima ya Mungu ikakosa siku ya kuokoa maji ya kunywa.

Basi ikafika ile Ijumaa. Kwetu Ijumaa ni ya maandalizi. Chakula hupikwa, nguo hupigwa pasi, maji huchotwa, jua likizama mtu asiguse kazi. Kila nyumba ya Msabato iko kwenye chemchemi alasiri hiyo. Bomba lilikuwa linadondoka tone, tone, na foleni imepanda hadi kwenye majani chai. Jua lilizama nikiwa na mitungi mitupu miwili. Nilipanda nayo vivyo hivyo, mama mkwe akaiona.

Kesho yake, baada ya ibada, mzee alileta wageni wa kanisa kwa chakula. Nilizunguka na birika na beseni wakinawa mikono. Maji yaliishia kwa mgeni wa tatu. Mama mkwe alininong'oneza niende nikaombe kwa jirani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Mama huyu hajawahi kukosa maji ya mgeni tangu aolewe. Nikiwa bado nimesimama pale na birika, mgeni mmoja akachungulia nje, akasema kwa furaha, "Mzee, una miti mizuri kule chini!"

"Ndiyo iliyokunywa maji yako ya kunawa," nikasema.

Sikuishia hapo. Nilisema yote. Kuhusu bomba, kuhusu foleni, kuhusu mianzi iliyokataliwa, na jinsi mtu anavyoweza kuziona ishara za mwisho wa dunia hadi ng'ambo ya bahari na asione kinachokwisha mwisho wa shamba lake. Nilisema nikimtazama machoni, macho yale yenye ukungu. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Kisha nikaenda jikoni nikaketi juu ya kuni, nikijua kesho nitarudishwa kwetu.

Wageni walipoondoka aliniita. Nilikaa kizingitini, uso uani, kama siku zote.

"Unadhani nilikuwa sisikii?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. "Nilisikia tangu wale ng'ombe waliokufa."

"Sasa mbona, tata, ukawa unaniambia mwisho wa dunia?"

"Nilikuwa nakujibu. Ulitaka nikuambie hapana usoni, wewe mke wa mwanangu?"

Muda wote ule nilidhani namfumbia mtu asiyefumbua, kumbe chinsoni ilikuwa imembana yeye kama ilivyonibana mimi.

"Pale palikuwa kinamasi," akaendelea. "Redio ikasema kinamasi kinaleta mbu, pandeni mikaratusi ikaushe. Chifu akaleta miche, tukampigia makofi. Nilipanda mimi na mama yenu, akiwa na mimba ya mume wako. Nilisifiwa barazani. Leo redio hiyohiyo inasema ng'oa, na chifu anasema ng'oa, na wote wanaongea kana kwamba ile miti ilikuja yenyewe usiku. Sikatai kwamba maji yanakwisha. Hata mimi nayanywa. Lakini kwa mkono huu sing'oi." "Nikifa, ng'oeni. Nitawaambia wanangu wote, asiwepo wa kubisha."

Na aliwaambia kweli. Aliwaita, akasema mbele yao na mbele ya mama mkwe. Mume wangu alirudi kutoka kikao kile akiwa ameridhika kabisa. "Si amekubali?" akaniambia. "Ulichotaka umepata." Nilimrushia mwiko. Haukumpata, na mpaka leo najuta haukumpata.

Maana mlima wote sasa unajua. Wanawake wanashuka bondeni na mitungi yao, wakinikuta njiani wananiuliza mzee anaendeleaje. Zamani hawakuwa wakiuliza. Wananiuliza kwa upole, macho yako kwenye miti. Nawajibu kwamba ni mzima, anakula vizuri, na nyuso zao zinafanya wanachoweza ili zionekane zimefurahi.

Nampenda mzee huyu. Ndiye aliyeniita mama wa nyumba hii watu walipokuwa wakisema sitazaa. Simwombei kifo, Mungu anajua, na ninamkasirikia kwa kuniweka mahali ambapo lazima niseme hivyo. Kila asubuhi nampelekea uji, nasimama mlangoni, nageuzia uso uani, namuuliza ameamkaje. Anakawia kujibu.

"Bado nipo," ananiambia.

Namwambia Mungu ashukuriwe, kisha nachukua mtungi nashuka.