Barua za Bi Margaret

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini, kama ninavyoamini leo kwamba kesho mvua itanyesha hapa Kilburn, London, kuwa Mwingereza akikuandikia barua ya shukrani huweka nakala, na nakala hiyo huenda serikalini. Shukrani zikizidi utamu, funga mizigo, unafukuzwa nchini. Habari hizi alizileta binamu yangu Hamdu, aliyenizidi miaka mitatu na uongo wa miaka thelathini.

Basi fikirini hali yetu. Karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado hazijaamuliwa. Mtu wa posta akigusa tu mlango, mama anatafuta kiti. Na kila Ijumaa mama alimpelekea jirani yetu wa mlango wa pili, Bi Margaret, sahani ya biriani. Kwetu Unguja sahani ya jirani huirudishi tupu, hata ndizi mbili utaweka. Ya Bi Margaret ilirudi tupu, imesuguliwa mpaka maua yake yanataka kubanduka, inanukia sabuni ya ndimu, na juu yake bahasha.

Msomaji nilikuwa mimi. Mama alisimama na mwiko kama hakimu.

"Soma. Neno usiruke."

Barua ya kwanza ilishukuru. Ya pili ilishukuru sana. Ya tatu ilisema hastahili ukarimu wote huo, na kwamba tusijisumbue hata kidogo. Mwandiko wenyewe ulitambaa kama sisimizi waliomwagiwa maji.

"Tusijisumbue?" mama aliuliza. "Kala, kalamba, kisha tusijisumbue?"

"Anapanga kesi, mamdogo," Hamdu akadakia, mdomo umejaa wali. "Wakishaandika ya tatu, wanakuja."

"Hebu tafuna, wewe!"

Lakini Ijumaa iliyofuata sahani haikutoka. Wala iliyofuata. Katika jengo zima Bi Margaret ndiye pekee aliyemwita mama kwa jina lake, na sasa mama alipita mlangoni pake kwa kunyata, viatu mkononi. Nyumba ilipoa hata nikawa nasikia friji ikiwaza.

Ikaja barua ya nne. Iliuliza, kwa maneno laini kuliko pamba, kama labda alikuwa ametukosea jambo. Mama aliniambia niirudie. Kisha akavaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda kupiga hodi.

Bi Margaret alichelewa kufungua. Tulisikia kitasa kikimshinda. Mama alinong'ona swali lake kwa Kiswahili, nami, mkalimani mkuu wa ukoo, nikalimwaga kwa Kiingereza bila samahani wala tafadhali: kwa nini anarudisha sahani tupu, na nakala za barua anampelekea nani serikalini?

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akatunyooshea mikono yake, vidole vimepinda kama tangawizi.

Ilinichukua miaka mingi, na mihula minne ya masomo ya jioni nikiwa mtu mzima na kitambi changu, kuelewa kwamba mtu wa aina yake huongeza shukrani palepale anapoogopa kuomba, na kwamba "msijisumbue" aliiandika mtu aliyekuwa akingoja hodi yetu tangu Jumatatu. Siku ile nilimsikia tu akinijibu, taratibu, ili nimfikishie mama:

"Nawaandikia nyinyi tu, kijana wangu. Kupika siwezi tena. Na barua moja hunichukua asubuhi nzima."