Nishani Kwenye Pindo la Kapulana

Huku kwetu Gaza, kusini mwa Msumbiji, mtu aliyetoka vitani haingii kwake na kitu cha vita, asije akafuatwa na roho za waliouawa. Jeremias Mabunda alilijua hilo tangu akichunga ng'ombe wa watu, yatima asiye na chake. Vita vilipokwisha, mganga Bibi Nwamita alimngoja porini, penye kibanda cha nyasi. Akamwamuru avue kila kitu aweke humo, nishani ya ushujaa ikiwemo. Kibanda kikachomwa, Jeremias akaogeshwa, akaenda nyumbani bila kugeuka nyuma.

Lakini nishani haikuwa kibandani. Alikuwa ameishonea kwenye pindo la kapulana mpya, kanga ya huku kwetu, aliyomletea mkewe, Alzira. Ndicho kitu pekee duniani alichowahi kupewa, na moyo ulikataa. Alzira alipouliza uzito ule ni wa nini, alimwambia ni hirizi, asifumue. Basi mama wa watu akambeba mgongoni binti yao Nyeleti kwa kapulana hiyo, miaka miwili mizima.

Kijiji kilimwita Simba wa Daraja, maana ilisemekana alilinda daraja peke yake dhidi ya kikosi kizima. Kwenye pombe ya ukanyi alitengewa kata ya kwanza, akasifiwa kwamba hata nishani aliitia motoni kwa ajili ya watoto wake. Naye alikunywa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Miaka ikapita, na Nyeleti alipokua akaposwa, akaanza kuanguka. Akianguka alisema Kindau, lugha ambayo hakufundishwa na mtu, kwa sauti ya mwanamume: huyu ana mume tayari. Wakwe waliahirisha mahari mara mbili, kisha wakatuma neno kwamba Jumamosi ikishindikana watatafuta kwingine. Jeremias aliogopa kuliko alivyopata kuogopa vitani.

Ijumaa asubuhi Bibi Nwamita akaletwa, sasa kipofu. Nyeleti alikuwa amelala mkekani, kafunikwa kapulana ileile.

"Nini cha vita kiliingia humu?" bibi akauliza.

Jeremias akamtazama mkewe, kisha akachukua kisu akafumua pindo. Alzira alipoona kilichoanguka akaketi chini.

"Hirizi, baba Nyeleti?" alisema. "Mgongoni mwa mwanangu?"

Bibi akamwambia Jeremias aseme alichofanya, maana chuma peke yake hakitoshi. Jeremias akasema. Pale darajani hakupigana na kikosi. Alikuja mtu mmoja, Mndau, hana silaha, kambeba mwenzake aliyejeruhiwa, akiomba maji. Jeremias alipiga risasi kwa woga tu. Wakubwa walipofika wakakuta maiti mbili na yeye peke yake amesimama, wakaandika walichopenda, naye hakukanusha. Kabla ya kukata roho, mtu yule alitaja jina lake, akasihi mamake aambiwe.

"Sikwenda," Jeremias akasema.

"Jina lake?" bibi akauliza.

"Fanuel Muiambo." Miaka ishirini na miwili alikuwa hajalitamka.

"Nipo," Nyeleti akaitika kwa ile sauti nzito. "Nilikuomba maji."

Jeremias akaenda mtungini. Akachota kata ya maji, akarudi. Akampigia magoti yule aliyekuwa mwanawe, akamnywesha taratibu mpaka kata ikaisha. Nyeleti akafumba macho, akafumbua, akawatazama wote. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Baba, huyo mama yake bado yuko hai?"

Jeremias hakujua. Akaokota nishani mchangani, akaomba aletewe viatu vyake, aende kumtafuta.