Mwahija, fundi wa Lindi anayejenga usiku wa stesheni juu ya meza

Saa saba na nusu mchana. Jua la Lindi limesimama utosini, mabati yanaalika kwa joto, na Mwahija Saad anatengeneza usiku.

Anaanza na dirisha. Anatundika blanketi la kijivu, analipigilia misumari pembe zote nne, kisha anasokomeza kanga kuukuu chini ya mlango. Anasimama katikati ya chumba akizungusha macho. Kuna tundu la msumari kwenye bati, na kupitia hapo jua limedondosha doa la ukubwa wa sarafu juu ya meza. Fundi anapanda stuli, anatoa mdomoni bazoka aliyokuwa akiitafuna, analiziba.

"Jua hili king'ang'anizi," anasema akishuka, jasho likimtiririka shingoni. "Ukilifungia mlango linapita dirishani. Ukiliziba dirishani linatafuta tundu. Lakini leo halina nafasi, leo nina mgeni wangu."

Juu ya meza hiyo, inayojaza zaidi ya nusu ya chumba nyuma ya kibanda chake cha ufundi, kuna stesheni ndogo ya reli. Reli ni nyaya za shaba zilizonyooshwa, mataruma ni vijiti vya mishikaki. Injini inaenea kiganjani. Bodi yake ni kopo la maziwa na mota imetoka kwenye deki ya video iliyokufa. Kuna jengo la stesheni, banda la mizigo, tangi la maji na nyumba tatu za wafanyakazi, zote zimekatwa kwenye maboksi ya sabuni. Ukipita hapo mchana utadhani ni mchezo wa watoto.

Mgeni anayesubiriwa ni Mzee Shamte Pazi, mwenye umri wa miaka 78. Alikulia kwenye kituo kidogo cha reli upande wa Nyangamara, enzi treni zilipokuwa zikipanda kutoka pwani kwenda Nachingwea. Reli ile iling'olewa miaka ya sitini, na mahali pa kituo sasa pana mikorosho.

Macho ya Mzee Shamte nayo yanakwenda. Presha ya macho imeshalichukua jicho la kulia, na hilo la kushoto daktari amelihesabia miezi, si miaka. Kabla halijafunga, mzee anataka kitu kimoja tu: kukiona kituo chao usiku, taa zikiwaka.

Leo ni jaribio la tatu. Mawili ya kwanza yalikwenda mrama.

Mwahija, mwenye miaka 46, hakuzaliwa na pasi ya kuunganishia nyaya mkononi. Ni mtoto wa wakulima wa ufuta na korosho wa Miteja, wilayani Kilwa. Aliolewa Lindi mjini, ndoa ikamshinda, akabaki na binti mmoja na karai la kukaangia mihogo. Karai hilo aliliweka mbele ya kibanda cha fundi redio mmoja, marehemu Eusebio, ambaye mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka.

"Siku moja akaniita, 'Wewe mama mihogo, una mkono mtulivu, hebu nishikie hapa.' Nikashika. Kesho yake akaniita tena," anasimulia. "Watu walimcheka, eti Eusebio anafundisha mwanamke redio. Yeye wala hakuwasikia."

Fundi huyo alifariki miaka sita iliyopita, akamwachia kibanda, mita ya kupimia umeme na wateja. Mwahija anasema haipiti asubuhi moja bila kumwombea. "Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, lakini dua naipeleka, Mungu mwenyewe anajua pa kuifikisha. Mimi kula yangu, ada ya mwanangu, paa hili, vyote ni mkono wa yule mzee."

Kwa siku nzuri kibanda humwingizia shilingi elfu kumi na tano, nyingi zikitokana na simu na taa za sola. Siku mbaya anaondoka na nauli. Ni katika siku mbaya kama hizo, miaka miwili nyuma, alipounga kijitreni chenye taa za kumetameta, akakiweka mbele ya kibanda ili kivute wateja. Kilivuta watoto wa mtaa mzima, na wateja wawili.

Kikamvuta pia Fauzia, mwalimu wa sekondari, aliyekuwa ameleta redio ya baba yake. Alisimama akakitazama mpaka akasahau redio. Kisha akauliza kama fundi anaweza kutengeneza kituo kizima, cha usiku. Baba yake ni Mzee Shamte.

Mwahija alikubali bila kujiuliza mara mbili. Alichora kituo kwa maelezo ya mzee, ambaye anakumbuka hata idadi ya ngazi za mlangoni. Wiki saba alikata, akagundisha, akapaka rangi. Halafu akatia taa. Arobaini na moja, vitaa vyeupe vya tochi za Kichina, kila dirisha na chake, na vingine vimepangwa kando ya reli kama shanga.

"Nilijiona bingwa," anasema, na kicheko kinamtoka. "Nikawasha, chumba kizima kikapasuka mwanga. Nikamgeukia mzee nipokee sifa zangu."

Mzee Shamte alitazama kwa kitambo. Kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hapa pana harusi ya nani?"

Fauzia alicheka hadi akaketi chini. Mwahija naye alicheka, ila moyoni alinywea. Mzee akamshika mkono, akaanza kumweleza usiku ulivyokuwa.

Stesheni ilikuwa na karabai moja, ikiwashwa treni ikikaribia tu, kwa sababu mafuta yalikuwa ya kupimiwa. Baba yake, Mzee Pazi, ndiye aliyekuwa mtu wa taa na njia: treni ikikaribia huwasha karabai, kisha hushika chemli yake na kwenda kugeuza reli. Na kila nyumba ilikuwa na taa moja. Si taa moja kila chumba. Taa moja nyumba nzima.

"Mama akiwa barazani, taa iko barazani," mzee alimwambia. "Akienda jikoni, anakwenda nayo, sisi tunabaki gizani tunamsubiri. Akiingia chumbani kumlaza mtoto, taa inaingia naye. Ukiiona taa, umemwona mama."

Mwahija anakiri kwamba maneno hayo yalimtia haya kuliko kile kicheko. "Mimi nimekulia kibatari, Miteja! Nimesoma kwa kibatari, nimeungua nywele kwa kibatari. Umeme umeniingia nyumbani juzi tu, nikasahau kila kitu. Nilijenga usiku wa mtu asiyewahi kukaa gizani."

Akaanza upya. Aling'oa taa zote arobaini na moja. Kuta za maboksi zilikuwa zikipitisha mwanga, nyumba nzima inang'aa badala ya dirisha. Akazipaka rangi nyeusi kwa ndani na kuzibandika karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Vitaa vyeupe akavipaka rangi ya kucha iliyochanganywa na manjano, tabaka mbili, mpaka vikatoa ile rangi ya utambi. Akavipunguza nguvu kwa rezista, kimoja baada ya kingine, akivilinganisha na chemli halisi aliyoiazima kwa jirani.

Kazi iliyomtoa jasho zaidi ni ya taa ya mama. Ndani ya nyumba ya Mzee Pazi aliweka vitaa vitatu: barazani, jikoni, chumbani. Kisha akafungua mapambo ya harusi, zile taa zinazowaka kwa kupokezana, akatoa kibao chake cha umeme na kukipunguza mwendo. Kitaa cha barazani kinafifia taratibu, cha jikoni kinaamka. Taa ikawa inatembea.

Mwezi uliopita mzee aliletwa tena. Mlango ukafungwa, Mwahija akabonyeza swichi. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Fauzia alishika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimlenga. Ilikuwa stesheni kweli, imejikunyata gizani, na taa moja ikitoka barazani kwenda jikoni.

Mzee Shamte aliketi, uso umeelekea mezani. Dakika ikapita, na nyingine.

"Fundi," akasema mwishowe, "bado hujawasha?"

Fauzia alitazama sakafuni. Mwahija akadanganya kwamba betri zimeisha, akaomba apewe wiki chache. Mzee akaitikia, "Hewala, hakuna haraka." Walipoondoka, fundi aliketi juu ya stuli yake akalia.

Shida ilikuwa hiyo, na haikuwa na mlango wa kutokea. Taa ikiwa ya kweli, mzee haioni. Ikiongezwa nguvu aione, inarudi kuwa harusi. Na jicho halisubiri.

Fauzia alimpigia simu akamsihi aongeze tu mwanga. "Nilimwambia, dada, baba keshaona harusi mara nyingi, usiku wa kituo chao ndio hajauona," anasema Mwahija. "Lakini usiku nilikuwa silali. Nilisema labda ninamnyima mzee wa watu kwa ajili ya kiburi changu cha ufundi."

Jibu lilimjia akiwa kibandani, akitafuta skrubu iliyodondoka sakafuni. Alimulika kwa tochi kwenye zulia jeusi, hakuiona. Tochi ileile ilipopita juu ya kipande cha karatasi nyeupe, karatasi iling'aa yote, na skrubu ilikuwa juu yake. Akagundua kwamba alikuwa akihangaika na taa, wakati taa haina kosa. Kosa lilikuwa pale inapoangukia. Alikuwa amepaka ardhi yote rangi ya udongo mweusi, na udongo ulikuwa unaumeza mwanga wote.

Akampigia mzee simu, akamuuliza uwanja wa stesheni ulikuwaje. Mzee hakusita: mchanga mweupe, uliofagiwa kila asubuhi, na mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia. Na uani kwao? Mchanga vilevile, mama yake hakupenda udongo.

Siku hiyohiyo Mwahija alikwenda ufukweni na ndoo. Alichekecha mchanga kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga, akaumwaga stesheni nzima. Mawe akayatengeneza kwa punje za mchele. Kuta za nyumba, upande unaopigwa na taa, akazipaka chokaa. Kisha akachukua baibui lake la zamani, akalikata, akalitundika nyuma ya meza na juu yake ili giza lisiwe na mahali pa kuvujia. Nguvu ya taa hakuigusa.

Saa nane kasoro mlango unagongwa. Mzee Shamte anaingia kwa kupapasa, ameshika bega la binti yake, kanzu yake imepigwa pasi kama ya Idi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Betri zimepatikana?"

"Zimepatikana, baba. Ila leo nakuomba ufumbe macho kwanza. Dakika ishirini. Macho yazoee giza."

Mzee anaketi, kiti chake kimesogezwa mpaka magoti yanagusa meza. Anafumba. Midomo yake inacheza polepole na tasbihi inapita vidoleni. Chumba kina joto la tanuri. Fauzia anajipepea kwa ukingo wa mtandio, na Mwahija amesimama na kidole juu ya swichi, hathubutu hata kujifuta jasho.

"Sasa, baba."

Mwanzoni ni giza tupu. Kisha, mahali fulani chini yake, mchanga unaanza kuonekana: duara dogo la rangi ya dhahabu mbele ya baraza, na kivuli cha nguzo kimelala juu yake. Mawe meupe yanajipanga kando ya njia. Mbali kidogo, karabai ya stesheni inaamka, na injini inatokea nyuma ya tangi la maji na jicho lake moja, inakwenda polepole, mota ya deki ikinung'unika.

Mzee Shamte ameinama mbele. Tasbihi imesimama. Duara la barazani linafifia. Kwa muda wa pumzi mbili nyumba nzima iko gizani, halafu mlango wa jikoni unapata rangi na mwanga unamwagika uani.

"Huyo," anasema, na sauti yake si ya mtu wa miaka 78. "Mama huyo, ameingia jikoni."

Mzee anaunyosha mkono hadi karibu na kuta za maboksi, hazigusi, anaurudisha. Analia waziwazi na hajifichi. "Alhamdulillahi," anasema, tena na tena. "Alhamdulillahi, fundi. Mungu akuzidishie. Sikujua kama nitamwona tena."

Wamekaa humo kwa saa nzima. Taa ya mama ilizunguka nyumba mara nyingi, na kila ilipohama mzee alitaja ilipokwenda, hakukosea hata mara moja. Alipotoka, alimshika Mwahija kichwa kwa mikono miwili akamwombea dua ndefu. Fauzia naye alimkumbatia.

Kazi hiyo amelipwa shilingi laki mbili na nusu, na anakiri kwamba vifaa vimekula karibu yote. Hajutii. "Nimeshukuru mimi kuliko wao," anasema akibandua blanketi dirishani, mwanga ukiingia kwa fujo. "Mtu kukuamini na usiku wa mama yake, ni jambo dogo hilo? Mimi ni mama mihogo tu, niliyeokotwa mbele ya kibanda."

Mzee Shamte ataendelea kuja kila Ijumaa baada ya swala, kwa muda ambao jicho litaruhusu. Wote watatu wanajua muda huo si mrefu, na hawauzungumzi.

Lakini Mwahija ameshaanza kujipanga. Anapita kwa mafundi wenzake hadi Kilwa Masoko akiulizia globu za tochi za zamani, zile za waya ndani, zilizokuwa zikipata moto zikiwaka. Hivi vitaa vya siku hizi, anasema, ni baridi. Unaweza kuvishika usijue kama vinawaka. Akipata globu tatu tu zinamtosha: moja ya barazani, moja ya chumbani, moja ya jikoni.

"Siku akija haoni kabisa, nitamshika mkono niupeleke juu ya nyumba," anasema. "Atapapasa mwenyewe. Atakapolikuta joto, atajua mama yuko wapi."