Mama Mkwe Anafukiza Udi Kwenye Chumba cha Gesi ya Mume Wangu

Jina langu mhariri analo. Nyie wasomaji nijueni tu kama mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Temeke nyumbani kwa mama mkwe, na kwa sasa hata usingizi sina.

Mume wangu alikuwa fundi wa maabara kiwandani. Kiwanda kikauzwa, akapunguzwa kazi. Tangu hapo kajifungia chumba cha uani anatenganisha maji. Ndiyo, maji haya haya ya bomba. Anayatia soda ya kutengenezea sabuni, anachovya vibati viwili vilivyofungwa kwenye betri ya gari, mapovu yanatoka. Anasema upande mmoja ni hewa tunayovuta, upande mwingine ni gesi inayowaka, na iko siku nitaipikia nisahau mkaa. Shida yake ilikuwa kichocheo, yaani kibati cha kufanya maji yaachane upesi. Wazungu hutumia madini ya bei ya dhahabu, yeye anatafuta cha bei ya chee.

Alianza na misumari, ikaliwa na kutu. Vijiko vyangu vya harusi navyo vikaenda. Mwisho akaokota vibati vya nikeli kwa wauza vyuma chakavu, akavipaka maji ya kutu, basi jamani, mapovu yakaja kama uji unaochemka. Yeye akawa anacheka peke yake. Mie ndipo woga uliponiingia, maana gesi anaijaza kwenye mipira ya baiskeli, mipira inavuja, na gesi yenyewe haina harufu. Akaniahidi mlango utakuwa umefungwa siku zote.

Sasa mama mkwe, kama wazee wetu wengi wa Pwani, kila Alhamisi alasiri hupitisha chetezo cha udi, makaa yakiwaka, vyumba vyote. Alhamisi moja mume wangu katoka, mlango kauacha wazi. Niko jikoni nikasikia kishindo. Nilimkuta mama kakaa chini, kope zimeungua, mtandio unafuka moshi.

"Mwanangu, chumba hiki kina jini," akaniambia. "Limenipulizia moto usoni."

Mume wangu aliporudi nikamsihi amweleze ukweli. Akasema, "Mwache aamini hivyo hivyo. Akijua atanitoa, nyumba ni yake. Nimekaribia kufika, mama watoto, usiniangushe." Anasema hayo huku mipira imejaa pale ukutani. Siri nikamtunzia.

Kumbe mama kaamua kulitoa hilo jini. Mwisho wa mwezi kuna kisomo cha dua, chumba kile kile, madirisha yafungwe, ubani uchomwe mpaka litoke. Wanangu atawakalisha mbele wapate baraka. Mume wangu anasema ataiondoa mipira mapema, lakini hata mlango aliniahidi.

Nikisema, atatupiwa vitu vyake nje na hana pa kushika. Nikinyamaza, wanangu watakaa pale. Naogopa, ndugu zangu. Leo asubuhi mama kanituma ubani wa kisomo, nami nimekwenda nikaununua. Nishaurini, nifanye nini?