Moshi Uliomtoa Joseph Gesti

Nilisimama katikati ya barabara hapa Sinza, nimejifunga kanga moja, napiga kelele, "Moto! Moto!" Gesti ya jirani ikamwagika nje, watu na mashuka yao. Moto wenyewe haukuwepo. Aibu nimeimeza, ila mwenye kosa namtaja: fundi Joseph.

Mie nilikuwaga nachoma vyungu kwa vifuu vya nazi, na shule niliishia darasa la tatu. Joseph ndiye aliyeniletea tanuri la umeme, akanifundisha kuchanganya udongo na magazeti yaliyolowekwa ili mtungi usipasuke. Siku hiyo tanuri lilibeba mitungi ya hoteli, oda yangu kubwa ya kwanza. Ikiharibika, nimekwisha.

"Mama Zuhura," akasema asubuhi, "moto uupandishe polepole, kitundu cha juu usikizibe. Mie nawahi mazishi Kimbiji. Usiogope, umeme hauna moshi."

Haukupita muda, moshi ukafuka tanurini kama jalala linaloungua. Nikazima swichi kubwa, nikakimbilia barabarani.

Watu walipoanza kunicheka, sauti ikatoka nyuma yao: "Mama, hayo ni magazeti tu yanaungua! Yakiisha, moshi utakoma. Kawashe!"

Nikageuka. Joseph, ndani ya shuka la gesti! Kicheko chote kikamhamia yeye.

Nikawasha. Mitungi imetoka mizima yote, ukiigonga inalia kama kengele, na hoteli wameichukua. Sasa Joseph, nijibu mbele ya hawa wasomaji: marehemu wa Kimbiji mlimzika chumba gani?