Wifi Aliyekataa Kuwa Q

Mtaani walimwita Fundi Herufi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchora herufi za kompyuta. Mama mkwe wake hakuiamini kazi hiyo hata kidogo. "Herufi si zipo tangu zamani?" aliuliza. "Wewe unachora zipi tena?"

Safari hiyo alikuwa akichora za zahanati, kwa ajili ya lebo za dawa na ubao wa umeme unaoita wagonjwa. Daktari mkuu alitaka herufi zisizo na vijimkia vya urembo, ncha zake mviringo kama za vidole, na kila moja ichukue nafasi sawa na mwenzake ili namba zikae wima bila kuyumba. Tena sufuri isije ikafanana na O, mtu akameza dawa siyo.

Hiyo nafasi sawa ndiyo iliyomtoa jasho. Herufi i ilipwaya kama mtoto ndani ya koti la babake, na m ilikuwa haipumui. Ndipo akawakumbuka mumewe na wakwe zake walivyokaa kwenye kochi. Mumewe alikuwa mwembamba kama sindano, lakini miguu yake ilivyo mipana, mashallah! Akaipa i miguu hiyo, nafasi ikajaa. Shemeji yake mnene, muuza matairi, hubana magoti akikaa katikati ya watu, basi na m akaibana vivyo hivyo, ikaenea. Fundi akacheka peke yake, kisha akaendelea na ukoo mzima.

Siri hiyo alimwambia mumewe tu. Kumbe mumewe hana kifua. Jumapili, kwa mama mkwe, kabla hata sahani hazijapangwa mezani, wifi yake msusi alikwisha kushika kiuno.

"Nasikia tumegeuzwa herufi. Mimi nani?"

Fundi akajibu: "Wewe ni q, wifi. Kwa ajili ya ule mkia wa nywele zako."

"Q! Nitajie neno moja la kwetu lenye q!"

"Mimi nimo kwenye mkate, mchuzi, mpaka mahaba," shemeji akajitapa.

"Na mdomo pia!" wifi akamkatiza. "Yaani ukoo mzima mnaandikwa, mimi nimetupwa stoo?"

Fundi akavuta karatasi, akachora a: tumbo la duara, na kichwa kimeinama mbele, kama wifi anaponusa umbea. "Haya. Watu wetu hawawezi hata kusalimiana bila wewe."

Wifi akaitazama sana. "Tumbo punguza," akasema, na sauti ilikuwa imeshalainika.

Ubao ulipowashwa, wifi alikwenda zahanati mzima wa afya, akaketi katikati ya wagonjwa. Kila maandishi yalipotokea, alimgusa jirani yake kwa kiwiko. "Namba, chumba… mimi huyo. Mimi tena!"

Muuguzi akamwinamia kwa upole. "Dada, umekuja na ndugu yeyote wa kukurudisha nyumbani?"

"Ndugu?" Wifi akauelekeza mkono kwenye ubao. "Si hao wote wamo mle!"